Mbali, Karibu

Siku ya tatu baada ya mke wa mchoraji kuwasili, nyayo zilionekana mchangani. Si mchanga wa ufuoni, bali ule wa pichani, ambao rangi yake ilikuwa haijakauka.

Kwa miaka saba mchoraji alikuwa akija kupanga chumba katika kijiji hicho cha ufuoni, kijiji ambacho hata barabara ilikikatia tamaa kabla ya kukifikia. Aliyajua majabali yake kama ulimi uyajuavyo meno. Na hapo ndipo ilipokaa dhambi yake, ndogo na tamu: alimsahau Aliyeiumba bahari, akaisujudia bahari. Tumhurumie, ni wangapi kati yetu wasiosujudia kazi ya mikono ya Mola wakamwacha Mwenyewe?

"Nani huyu?" mke aliuliza. Alikuwa fundi viatu, mguu haukumdanganya.

"Nani yupi?"

"Usinifanye mtoto, baba watoto. Mguu mwembamba, kisigino hakigusi chini. Huyu ni mwanamke, tena wa kunyata."

"Sikuzichora mimi."

"Ala! Zimejichora? Na huyo mwenye miguu, hapa kijijini anaitwa nani?"

Mume aliapa, na kadiri alivyoapa ndivyo mke alivyozidi kumshuku. Kesho yake nyayo zilikuwa zimeyapita majabali, zikielekea kwa mtazamaji, na chumba kilinuka utambi uliozimwa sasa hivi, ilhali taa haikuwa imewashwa.

Adhuhuri hiyo mke alijibanza nyuma ya pazia la mlango ili amfumanie huyo mgeni. Alimwona mumewe akirudi nyuma hatua moja, akifinya jicho, akipima umbali wa vitu pichani kama alivyozoea, huku akinong'ona, "Mbali... mbali... karibu. Karibu. Karibu zaidi." Na kila aliposema neno hilo, pazia lilijikunja pasipo upepo, harufu ya utambi ikapanda, na sakafuni, baina ya mlango na kiti cha mumewe, ukasikika mchanga mbichi ukikanyagwa na mtu asiyeonekana, hatua kwa hatua, bila haraka, kama mwenye haki ya kuingia.

Mke alikimbilia kwa mwenye nyumba, mjane aliyeitwa Mama Funguo kwa shada la funguo alilolifunga kiunoni, akamsimulia yote.

"Mwanangu, amesema karibu mara ngapi?"

"Anapima picha tu, mama!"

"Wewe na mimi tunajua anapima. Jini aliyeumbwa kwa moto atajuaje? Amesikia akialikwa." Mjane alishusha sauti. "Na asipoagwa hatoki. Atamtwaa mumeo."

Walimkuta kitini, brashi imemdondoka, macho yamekwama dirishani kwenye ufuo alioupenda. Mjane alifungua Kitabu, akasoma kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuzika wengi wala hakukata tamaa na rehema. Kisha akamwinamia.

"Baba, wewe ndiwe uliyemkaribisha, wewe ndiwe umwambie: Nenda. Neno moja tu."

"Sema, mume wangu," mke alilia. "Yote nimekusamehe. Sema!"

Mchoraji alifumbua midomo. Hakuyaondoa macho yake baharini. Alinong'ona lile neno, na papo hapo pazia likatulia na harufu ikatoweka.

"Sifa zote ni Zake," alisema mjane, akaenda kuchemsha maji.

Mke aliitazama picha. Nyayo zilikuwa zimegeuka, zikielekea majini! Alitaka kupiga vigelegele, ila jicho la ufundi likamzuia. Nyayo hizo zilikuwa pana, za mwanamume, na kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto kilipanda juu ya kidole jirani. Mguu huo alikuwa ameukatia ndara kwa miaka kumi na miwili. Ndipo lile neno lilipomrudia sikioni, wazi, pamoja na silabi ambayo hofu ilikuwa imeimeza. Mumewe hakusema "Nenda." Alisema "Naenda."

Alimgeukia yule aliyeketi kitini.

"Baba watoto," alisema polepole, "tumshukuru Mola. Tulitaje jina Lake pamoja."

"Vyema, mke wangu," alijibiwa, kwa upole ambao mumewe hakuwahi kuwa nao. "Anza wewe."