Viota vya Kisiwa cha Mawe

Haya yalimpata rafiki yangu Mbithi wa Matinyani. Ndugu yake Mbuvi alikuwa amepotea siku tatu bwawani, na palibaki pahali pamoja pasipotafutwa: kisiwa kidogo cha mawe, kisichokaliwa na mtu, ambako minandi, wale ndege weusi wavuvi, hutagia mayai.

Kanyiva, mwenye mtumbwi, alimfikisha alfajiri, giza bado likiwa zito.

"Shuka basi, mwanaume. Ama unangoja ndege wakubebe?"

"Ndege wenyewe wako wapi? Mbona kimya?"

Kanyiva aliacha kucheka. "Jana walipiga kelele mpaka kwangu."

Mbithi alipanda akipapasa mawe. "Mbuvi! Mbuvi!" Maji tu yakajibu, chwa, chwa, chwa. Viota vilijaa mayai, na ndege hakuna hata mmoja. Akabandika yai kwenye kope, kama mama yake anavyopima mayai ya kuku anayeatamia. Lilikuwa na joto. La pili pia. La tatu pia.

Kisha mkono wake ukagusa kiota kingine, kirefu kama kitanda, kimetandikwa manyoya. Hakikuwa na yai. Katikati manyoya yalikuwa yamebonyea, umbo la mtu aliyejikunja, nayo yalikuwa bado na joto.