Mama wa Maji Anacheka Sana

Siku lalamiko lile lilipoingia, stima ilikuwa imepotea mtaa wa Kabiro mzima tangu asubuhi. Mtandao ulikuwa umekufa, gemu yenyewe imezimwa, na hapakuwa na mtu Nairobi hii wala kwingineko aliyekuwa akiicheza. Awiti alikuwa akimalizia chaji ya mwisho ya kompyuta kupanga kazi ya jana, ndipo mstari mmoja ukajitokeza juu ya orodha yake.

"Huyo mama wa maji anacheka sana. Mnanisikia?"

Pale panapokaa jina la mchezaji palikuwa peupe.

Mtu mwenye akili angeinuka akaenda kununua mahindi choma barabarani. Lakini Awiti alikuwa na mwaka mzima kwenye kiti kile, na kazi ya mwaka mzima huhamia kwenye vidole. Malalamiko mia mbili kwa siku, na kila moja lijibiwe kabla ya saa kumi na moja. Kulikuwa na kitufe cha kijani kilichojiandikia chenyewe: "Tumekusikia. Tumekubali." Akabonyeza. Na usimcheke, wewe. Umekubali mangapi kwenye simu yako bila kuyasoma?

Aibu ni kwamba Awiti alifunzwa. Mama yake, Celine, alimwonya tangu akiwa mdogo, kama akina mama wengi waliotoka ziwani: ukisikia unaitwa na humwoni anayekuita, nyamaza. Usiitike kamwe. Na sasa binti huyo huyo alikuwa akilipwa mshahara kuwaitikia watu asiowaona, kutwa nzima.

Kampuni ilikuwa ya Irungu, mtoto wa mwenye ploti, kwenye ghorofa ya babake hapo Kabiro, Kawangware. Gemu iliitwa Njia ya Reli. Watu thelathini waliingia kwa pamoja kupitia simu zao, wakafukuzana na kupigana katika vichochoro vilivyochorwa kama Laini Saba ya Kibera. Irungu mwenyewe alikuwa amekanyaga Kibera mara mbili maishani, kwa hiyo alimwomba Awiti, mzaliwa wa huko, amletee sura za watu. Awiti akamleta mama yake, muuza maji. Walimpiga picha, wakamrekodi sentensi tatu na cheko moja, wakampa fulana na chapati kwa ndengu. Ndani ya gemu Celine alikaa kando ya tangi, kama alivyokaa kwao Laini Saba kila siku, na mchezaji aliyechoka alikwenda kwake kunywa apate nguvu. Mama alijivunia jambo hilo mpaka kanisani.

Ukutani Irungu alikuwa amepaka maneno makubwa: MCHEZAJI AKILALAMIKA, SISI TUNAREKEBISHA. Kila Alhamisi lalamiko lililoungwa mkono kwa vidole gumba vingi zaidi lilikwenda kwa Alvin, fundi wa programu, na kila Ijumaa saa sita mchana toleo jipya lilitoka. Tuseme ukweli, gemu ilikua kwa njia hiyo. Bunduki iliyoua haraka mno ilipunguzwa makali, ukuta waliojifichia waoga ukabomolewa. Lakini anayefurahi haandiki. Anayeandika ni mwenye nyongo, na mwenye nyongo ndiye aliyekuwa akiijenga gemu.

Stima iliporudi, lalamiko la yule asiye na jina lilikuwa na vidole mia tisa. Chini yake watu walikuwa wamejaa kama nzi.

"Huyo mathe anaboo."

"Meno hana, anacheka nini?"

"Kateni hiyo cheko, manze."

Alhamisi Awiti alimwendea Irungu. "Boss, huyu ni mathangu."

"Awiti, si mathako, ni picha ya mathako," Irungu alisema, akicheka. "Player akisema, amesema."

Ijumaa cheko likaondolewa. Jumamosi Osewe, jirani yao, alikuja kuteka maji na kile kisa chake cha mbuzi wa chifu, kisa ambacho Celine alikicheka kila wiki mpaka akashika mbavu. Celine alifungua kinywa. Mabega yakamtikisika, machozi ya kicheko yakamtoka, lakini sauti haikuja, na alipojishika koo macho yake yalimtafuta Awiti kama mtoto aliyeangusha sahani.

"Mama, umeshikwa na homa?"

"Sijui, nyara," akanong'ona. Nyara, kwa Kijaluo, binti yangu. Ndivyo alivyomwita siku zote. "Kimekataa tu kutoka."

Lalamiko la pili liliingia Jumatatu. "Ananuka omena."

Wachezaji walilipenda hilo. Harufu gani ndani ya simu? Wakalitupia vidole elfu mbili kwa mzaha tu. Lakini Awiti alikaa akiitazama ile sentensi, kwa sababu Celine kweli alikuwa akikaanga omena, wale dagaa wa ziwani, kila jioni nyuma ya tangi, na jambo hilo halikuwa ndani ya gemu, wala hakuna aliyelijua Kabiro ila yeye. Safari hii hakubonyeza. Valerie, msichana mpya wa meza ya pili, aliona kazi imelala, akanyoosha mkono akambonyezea.

"Nimekusaidia," akasema.

Alvin hakuwa na namna ya kufuta harufu, akafuta sufuria tupu na jiko vilivyochorwa kando ya tangi. Wiki hiyo Awiti aliinamia leso ya mama yake akaivuta puani, ile leso iliyokuwa na moshi, omena na sabuni ya mche tangu akiwa mtoto mgongoni, akakuta hakuna kitu. Halafu, polepole, kutoka ndani kabisa ya kitambaa, ikampanda puani harufu ya nywele zinazoungua.

Wiki iliyofuata la tatu, alilolibonyeza Valerie pia, lilisema: "Anajua majina ya watu. Sipendi." Na kuanzia Ijumaa ile Celine, aliyekuwa akimwita kila mtu Laini Saba kwa jina lake na la babake, akawaita wote mteja. Alimtazama Awiti akiingia mlangoni na mkoba wake begani, akatabasamu tabasamu la kibiashara.

"Karibu, mteja."

Awiti alilia siku hiyo, alilia kwa uchungu na kwa hasira, kisha akaenda Riruta Satellite kumtafuta Nzembi, mama wa maombi, ambaye hata mapasta walimwendea kwa siri.

Nzembi alikuja mchana kweupe. Alimshika Celine mikono yote miwili, akaomba, akanyunyiza maji ya chumvi kwenye vizingiti. Tangi likaguna. Halikuwa limeguswa na mtu, lakini ndani yake kitu kilizunguka taratibu, kikikwaruza mabati kwa ukucha kuanzia chini kwenda juu, na kilipofika kwenye mfuniko kikatulia, kikawa kinasikiliza.

Nzembi akamvuta Awiti kando. "Jini kama hili haliingii kwa nguvu," alisema kwa sauti ya chini. "Linabisha. Linauliza. Nani aliliitikia?"

Awiti akakitazama kidole chake.

"Ni wewe?"

"Ni kazi, Mama Nzembi. Ni kitufe tu."

"Kitufe." Nzembi alifunga chupa yake ya chumvi. "Linataka mahali pa kukaa. Sasa niskie vizuri. Usilijibu tena, hata neno moja. Na usiliombe kitu. Hao si wachoyo, mwanangu, wanatoa. Lakini utapewa kile kile ulichosema kwa mdomo wako, na hutaongezewa hata punje."

Alhamisi iliyofuata, saa tisa alasiri, ofisi nzima ikasikia maji yakimiminika, kama mtu anayejaza mtungi polepole katikati ya chumba, na sakafu ilikuwa kavu. Harufu ya nywele ilitoka kwenye kompyuta ya Awiti. Lalamiko lilikuwa fupi.

"Mwondoeni. Hapo ni pangu."

Vidole elfu nane.

Awiti aliweka mikono mapajani akaikalia. "Boss, sibonyezi. Nifute kazi, sibonyezi. Nakuomba kwa jina la mama yako aliyekuzaa, hii usipeleke."

Irungu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalouma. Alikuwa tu mtu mwenye namba mbele ya macho. "Wee, elfu nane," alisema kwa upole. "Nikiwakataa wanahama. Nitamtafutia mathako kona ingine, next month." Akainama juu ya bega lake, akabonyeza mwenyewe.

Ijumaa Awiti hakwenda kazini. Alikaa kando ya mama yake, amemshika kifundo cha mkono kwa vidole kumi, na kadiri saa sita ilivyokaribia ndivyo alivyozidi kukaza, akihesabu mapigo ya damu chini ya ngozi, akimwambia mama niangalie, mama mimi ni Awiti, Awiti wako, na Celine akimwangalia kwa adabu kama mtu anayemsubiri mgeni amalize hadithi yake ndefu, mpaka kengele ya shule ya jirani ikalia, na Awiti akajikuta ameshika leso.

Bomba la tangi lilikuwa wazi. Maji yalikuwa yakikimbia kuelekea relini, na Osewe alikuwa akija mbio kulifunga.

"Osewe! Umemwona mama?"

"Mama yupi?"

"Mama Celine! Mama wa maji!"

Osewe alimtazama kwa huruma. "Awiti, hapa ni tangi tu. Hapajawahi kuwa na mtu." Kisha akakuna kichwa. "Aah, yule wa kwenye gemu? Kweli, wamemtoa. Mimi nilikuwa nampenda."

Awiti alifungua picha zote kwenye simu yake. Krismasi, ubatizo, siku ya fulana. Kila mahali alikuwa amesimama peke yake kando ya tangi, mkono umezunguka hewa.

Alikumbuka maneno ya Nzembi. Msidhani alisahau. Lakini mama ni mama, na aliyefiwa hata kaburi hana haoni kosa la kujaribu. Jumatatu alirudi kazini na kuandika lalamiko kwa mkono wake mwenyewe: "Mrudisheni mama wa maji kwenye tangi lake, vile vile alivyokuwa siku ya kwanza ya gemu." Kisha akazunguka Laini Saba nzima, nyumba kwa nyumba, kibanda kwa kibanda, akiwaomba vijana waliunge mkono. Wakakubali haraka. Hakuna hata mmoja aliyemkumbuka Celine aliyewakopesha maji walipozaliwa wadogo zao. Wote walimkumbuka yule wa kwenye simu.

Kidole cha kwanza kuliunga mkono lalamiko lake hakikuwa na jina. Alikiona. Akaendelea.

Alhamisi vilifika elfu kumi na nne. Irungu alirukaruka. "Awiti, unaona? Tunasikiza! Na watu wamependa hii stori yako, msichana anatafuta mathake. Nimeambia Alvin akuweke pia. Ile picha yako ya kazi, inatosha."

Awiti hakumsikia. Alikuwa keshashuka ngazi.

Ijumaa, saa sita na dakika moja, Celine alikuwa ameketi kando ya tangi. Fulana ile ile. Uso mzima, ngozi laini kuliko alivyokuwa. Watu walipita na mitungi yao kana kwamba hakuna siku aliyokosekana. Awiti alimwangukia mapajani.

"Mama! Mama yangu!"

"Karibu maji, mteja, ni safi kama macho ya mtoto."

"Mama, ni mimi."

"Jaza mtungi, usimwage!"

Awiti akainua uso. Alimshika mashavu, yalikuwa ya baridi na hayakubonyea. "Niite nyara. Mara moja tu. Mama, nakuomba, niite nyara."

Celine alifikiri, au kitu ndani yake kilipekua kilichokuwemo, na humo mlikuwa na vitu vinne tu, vile vilivyorekodiwa.

"Haya, salimia watu wa kwenu," akasema. Kisha akacheka.

Lilikuwa ni lile cheko. Lile lenyewe, la siku ya chapati na ndengu, lenye kikohozi kidogo mwishoni. Lilipoisha likaanza tena, na kikohozi kikaja pale pale, na likaanza tena. Awiti akaanza kulia, si kilio cha kanisani, kilio cha matanga, kichwa nyuma na kinywa wazi, na watu wa foleni wakageuka, na ndani ya tangi ule ukucha ukapanda taratibu kutoka chini mpaka kwenye mfuniko.

Simu ikamtetema mfukoni. Ilikuwa orodha ya kazi. Pale pa jina palikuwa peupe.

"Sasa huyu yuko sawa, asanteni. Ila huyo binti mpya kando ya tangi analia sana. Mnanisikia?"

Chini yake vidole vilikuwa vikipanda macho yake yakiona, mia mbili, mia nne, elfu. Kidole cha Awiti kilikuwa kikitafuta kitufe chekundu cha kukataa wakati jibu lilipotokea lenyewe kwenye skrini, kwa jina la Valerie, meza ya pili.

"Tumekusikia. Tumekubali."

Leo hii, ukienda kuteka maji pale, utamkuta msichana amesimama kando ya muuzaji, kichwa nyuma, kinywa wazi, mabega yanamtikisika. Hatoi sauti yoyote. Watu wa foleni wanasema ni bora hivyo, zamani alikuwa akisumbua.