Kikombe cha Nne

"Cha nne," alisema Mama Majani, akaweka kijiko chini. "Hiki ndicho ninachokitaka."

Kilikuwa chumba cheupe cha kuonjea chai, ndani ya kiwanda kilichokuwa juu kabisa mlimani, na mezani vilipangwa vikombe sita vya chai isiyo na maziwa wala sukari. Mwonjaji wa kiwanda, mwanamke mrefu aliyevaa koti jeupe, aliinua macho kutoka kwenye karatasi yake.

"Una hakika, dada?"

"Nimeonja chai miaka kumi na tisa. Nikose hakika leo?"

"Nauliza tu. Ni kazi yangu kuuliza."

Mwonjaji akamtazama mume wa Mama Majani, aliyekuwa amesimama nyuma na daftari. Mume naye akamtazama mwonjaji. Ni muda wa kumeza mate tu, lakini Mama Majani aliwaona.

"Basi kalifikirie tena," mwonjaji akasema. "Kesho saa tatu asubuhi unipe neno la mwisho, nianze kufunga magunia."

Ukweli ni huu, na tuuseme mapema: Mama Majani hakuwa ameonja kitu. Mwezi mmoja nyuma alishikwa na homa na mafua makali yaliyomlaza siku tano, na alipoinuka kitandani pua yake ilikuwa imekufa. Utamu aliusikia, uchungu aliusikia, hata ukakasi wa chai kwenye fizi. Lakini harufu, ambayo ndiyo chai yenyewe, haikuwepo. Vile vikombe sita kwake vilikuwa maji ya moto ya rangi sita. Alichagua cha nne kwa kuwa kilipendeza macho.

Hakumwambia mtu ila dada yake mkubwa. Kila mwaka alifunga safari kwenda kutafuta chai ambayo maduka mengine hayana, kwenye mashamba ya mbali na barabara za utelezi, na wateja walivuka mji mzima kuja dukani kwake kwa sababu ya pua ile. Kulipoteza duka lilikuwa jambo la kutisha. Lakini hofu yake kubwa ilikuwa nyingine, na ndiyo iliyokuwa imesimama nyuma yake na daftari.

Mumewe alikuwa fundi saa, na mpaka leo alimwita Fundi. Miaka minane iliyopita aliingia dukani kujikinga na mvua, na Mama Majani, bila hata salamu, akamwambia, "Koti lako limekaa sandukuni miezi, na huko ulikotoka umekula kitunguu kibichi." Fundi alicheka mpaka akatafuta kiti. Akasema, "Mwanamke mwenye pua kama hii, nikimwacha nitakuwa mjinga." Wakaoana. Neno lile lilikuwa tamu kwa miaka minane, na sasa ndilo lililomkosesha usingizi. Kama pua ndiyo iliyomleta, pua ikifa atabaki kwa lipi?

Mchana, kwenye nyumba ya wageni, Fundi alikuwa bafuni simu yake ilipotetemeka juu ya kitanda. Mama Majani hakuwa na tabia ya kusoma simu za watu. Siku hiyo aliipata.

"Nimekuelewa. Njoo saa kumi, peke yako. Kwa nilivyoona leo, huyu hawezi tena. Asijue kwanza."

Jina lililokuwa juu ya ujumbe: Mwonjaji.

Akachukua simu yake mwenyewe, akatoka hadi kibarazani, akampigia dada yake aliyebaki kuliangalia duka.

"Dada, amepata mwingine."

"Mwingine nani? Juzi tu mmeondoka. Hata mchicha hauoti kwa siku mbili."

"Mwonjaji wa kiwanda. Ana pua nzima. Amemwandikia kwamba mimi siwezi tena, na wanakutana saa kumi."

"Na Fundi yuko wapi?"

"Anaoga. Anaimba."

"Mwanamume anayekwenda kwenye maovu haimbi bafuni, ananyoa ndevu. Kanyoa?"

"Jana."

"Ya jana haihesabiki." Dada akashusha pumzi. "Sikiliza, mdogo wangu. Mwambie habari ya pua leo hii. Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Nikimwambia nitakuwa nimemfungulia mlango mwenyewe atoke."

"Na usipomwambia?"

Maji ya bafuni yalinyamaza. Mama Majani akakata simu.

Saa kumi kasorobo Fundi alisimama mlangoni akifunga vifungo vya shati.

"Natoka kidogo. Nakwenda kutafuta vocha."

"Mvua hii?"

"Nina mwavuli."

"Si uliongeza jana?"

"Imekwisha." Hakumtazama. "Nikuletee nini?"

"Rudi tu."

Fundi akageuka. "Nirudi? Nisiporudi hapa niende wapi?"

Akaondoka. Mama Majani akasikiliza hatua zake zikishuka ngazi, akakaa zaidi ya nusu saa, kisha akaona kwamba akiendelea kukaa bure ataanza kupiga kelele. Alikuwa amebeba majani kidogo ya vikombe vyote sita, kila aina kwenye kikaratasi chake. Akasema atachemsha maji, ataonja tena, labda leo pua itamwonea huruma. Akaingia jikoni mwa nyumba ya wageni, kichumba chenye jiko la gesi na dirisha moja lililofungwa kwa sababu ya mvua, akafungua gesi, akashika kiberiti. Kilikuwa kitupu.

Akaenda chumbani kutafuta kingine. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba hata redio ya jirani haikusikika. Akapekua mkoba wake, akapekua mkoba wa Fundi. Alianza kwa kutafuta kiberiti, akaishia kutafuta mwanamke. Akakunjua mashati, akapindua mifuko ya suruali, akasoma hata risiti ya mkate. Hakukuwa na barua wala unywele. Zilipita kama dakika kumi, mwishowe akapata kiberiti kwenye soksi. Akarudi jikoni, akatoa njiti.

Mlango ukasukumwa kwa kishindo.

"Usiwashe!"

Fundi, ameloa chapachapa, alimshika kifundo cha mkono mpaka njiti ikaanguka. Nyuma yake aliingia mwonjaji, koti limeziba pua, akafunga gesi na kufungua dirisha kwa kiwiko. Wakamkokota Mama Majani ngazi zote hadi chini, wakasimama mvuani.

"Tumeisikia gesi tangu kwenye ngazi," Fundi akasema akihema. "Wewe hukuisikia?"

"Niliisikia. Nilikuwa naenda kuifunga."

"Na njiti mkononi?"

Hapo akakaa kwenye ngazi ya mwisho. Wiki tatu alikuwa akiogopa mume kuondoka, na haikumjia hata mara moja kwamba yeye ndiye angeweza kutangulia, kwa njiti moja ya kiberiti.

"Sisikii," akasema. "Wiki ya tatu leo. Gesi, chai, hata wewe ukilala karibu yangu, sisikii harufu ya chochote. Basi, nimesema. Sasa nenda naye."

"Niende na nani?"

"Na huyu. Nimeusoma ujumbe."

Mwonjaji akamgeukia Fundi. "Nilikwambia umwambie mwenyewe. Umeona sasa?" Kisha akachuchumaa mbele ya Mama Majani. "Dada yangu, mimi nina mume, na ana wivu kukuzidi. Kile kikombe cha nne ni mtego. Kila mnunuzi mgeni tunamwekea kimoja chenye majani yaliyolala stoo karibu na mafuta ya taa. Mwenye pua hakirudii. Wewe umekisifu. Mumeo akanipigia, akaniomba kesho nikufungie chai nzuri kimyakimya, wewe uondoke ukijua ni ile ya nne. Nikamwita tuzungumze, nikamkatalia. Siuzi chai kwa uongo, hata ukiwa uongo wa huruma. Ndiyo tukaja kwako."

Mama Majani akainua uso kumtazama mumewe.

"Mafuta ya taa uliyasikia?"

"Tangu pale nilipokuwa nimesimama."

"Ukanyamaza."

"Nikuumbue mbele ya mtu?"

"Umejua tangu lini?"

"Siku ya nne tangu uinuke kitandani. Uliniwekea maziwa yaliyochacha."

"Ukayanywa?"

"Nikayanywa. Na kesho yake. Siku iliyofuata nikaanza kuamka mapema ninunue maziwa mwenyewe, maana tumbo nalo lina haki zake."

Siku nyingine wangecheka mpaka majirani wakauliza. Lakini hasira ilimpanda Mama Majani, ikamsimamisha.

"Wiki tatu unajua. Wiki tatu naogopa peke yangu, kitanda kimoja na wewe."

"Nilikuwa nasubiri uniambie."

"Ningekwambiaje? Ulisema mwenyewe, mwanamke mwenye pua kama hii."

Fundi akafuta maji usoni. "Siku ile nilikuwa nimepita mbele ya duka lako mara tano kabla mvua haijaanza. Nilishindwa kusema mengine, ndiyo nikaisifu pua. Ungepiga chafya ningeisifu chafya."

"Usinichekeshe. Kwa nini ulinyamaza? Niambie la kweli."

Fundi akajibu kwa sauti ndogo.

"Niliogopa. Kila asubuhi nilikuangalia unavyoinusa chai, nikasema labda leo. Ningelisema mimi, lingekuwa kweli, na sijui ungeamka vipi siku inayofuata. Sasa leo ningechelewa dakika moja..."

Mtu ambaye hushika skrubu ndogo kuliko punje ya mchanga alijaribu kuushika mkono wa mkewe, na vidole vikakataa kutulia. Akalia pale pale, bila kujificha. Mama Majani akamvuta kichwa, akakiweka begani.

"Wote wawili wajinga," akasema.

"Tena wa daraja la kwanza," mwonjaji akajibu. "Haya, ingieni ndani, gesi imekwisha kutoka. Mimi nimelowa kwa ajili ya ndoa ya watu."

Kesho yake, saa tatu, vikombe sita vilikuwa vimepangwa upya. Wanunuzi wengine wawili walikaa kwenye benchi wakingoja zamu yao, watu wa mji wake, wenye midomo. Mama Majani aliwajua. Alijua pia kwamba lolote atakalosema litafika dukani kabla yake.

"Pua yangu imekufa," akasema kwa sauti ya kusikika. "Ikirudi itarudi. Leo mume wangu ataonja, mimi nitauliza."

Mmoja wa wale wawili akacheka puani. Mwonjaji hakucheka. Akamsogezea Fundi kijiko.

Fundi akachota, akafyonza kwa kelele kama alivyomwona mkewe akifanya, akapaliwa, nusu ikamwagikia shati. Nyingine akaitema kwenye ndoo.

"Nieleze," Mama Majani akasema.

"Ni chai."

"Fundi."

Akafumba macho. "Mwanzoni haisemi kitu. Halafu nyuma huku, karibu na koo, kuna kama... mti uliokatwa sasa hivi, bado mbichi."

"Unakaa au unapita?"

"Unakaa."

"Ukimeza mate, unabaki?"

Akameza. "Bado upo."

Mama Majani akaandika, herufi moja baada ya nyingine, maana daftari sasa lilikuwa kwake. Yule mtu wa benchi alikuwa ameacha kucheka, akawa anawasikiliza. Fundi akainama karibu na sikio la mkewe.

"Na nikikosea?"

"Utakosea."

"Na wateja wakiacha kuja?"

"Wengine wataacha."

"Naogopa, mke wangu."

"Mimi pia," akasema, akamsogezea kikombe cha pili. "Onja."