Karatasi Chini ya Nepi za Edie

Mlango wa gari ulikuwa wazi. Mama mkwe hayupo.

Kitini kwake kuna karatasi moja tu... ile niliyoificha kwa mkono wangu mwenyewe chini ya nepi za Edie, mwanangu mchanga.

Karatasi ya makao ya wazee. Jina: Doreen. Kupokelewa: Jumatatu.

Nyie, nilizunguka gari mara mbili nikimwita.

Ngoja niseme ukweli, mnihukumu mtakavyo. Mama tulimdanganya. Tulimwambia tunamzungusha miji ya kale ya Uingereza, Chester, Shrewsbury, Ludlow, ale keki na kutazama ngome. Hatukumwambia safari inaishia Hereford, kwenye makao hayo, na kwamba yeye harudi.

Kumbukumbu inamtoka. Asubuhi ile alimwita mume wangu, Gavin, kwa jina la marehemu baba yake.

"Gavin, mama hayupo."

"Tumeenda kulipia maegesho dakika tano tu."

"Ameiona karatasi."

Akaufunga mlango wa gari kwa kishindo.

Nikamfunga Edie kifuani. Gavin akashuka mtoni, mimi nikaingia mitaani mwa Ludlow. Duka la chai, duka la vitabu, foleni ya choo...

"Pole, kipenzi, sijamwona," kila niliyemuuliza akasema.

Kengele za kanisa zilikuwa zinalia mfululizo, Jumapili ile. Nilizichukia. Gavin akipiga simu, simsikii.

"Niko darajani... kitu cha bluu..."

Koti la mama ni la bluu.

"Kitu gani? Gavin, kitu gani?"

"...kinaelea."

Nilikaa palepale kwenye mawe. Edie akaanza kulia, nikamsaidia kulia.

Simu tena. "Ni mfuko. Mfuko wa plastiki tu." Naye alikuwa analia.

Halafu kengele zikanyamaza.

Mlango mdogo wa mnara wa kanisa ukafunguka, wakatoka watu sita wakifuta jasho... na katikati yao mama mkwe, mashavu mekundu kama binti.

"Ni wa kwenu huyu?" mzee mmoja akauliza. "Mgeni anayejua kupiga kengele hatumrudishi. Tukampa kamba ya kengele tumjaribu. Hakukosea hata mara moja."

Miaka arobaini alipiga kengele kijijini kwao. Nilijua. Lakini kwa magoti yake mabovu, nani angemtafuta juu mnarani?

"Mama, ngazi zote zile?"

"Nilipanda polepole. Ninyi ndio wenye haraka."

Gavin akafika akihema. Mama akamfuta jasho usoni.

"Gavin," akasema. Jina lake hasa. "Karatasi yenu nimeisoma tangu Chester. Leo nimewaachia kitini muone haya."

"Uliipataje?"

"Mmesahau nani humbadilisha Edie nepi?"

Mama akambusu Edie kichwani.

"Nitaenda makaoni," akasema. "Lakini si kama mzigo. Nitafutieni mahali penye kengele, na mniulize mimi kwanza."

Wapendwa, mtu akianza kusahau, msimpangie maisha kana kwamba ameshaondoka. Bado yupo. Muulizeni.

Jumatatu hatukwenda Hereford. Mama alikaa kiti cha mbele, ramani mapajani, anatuelekeza kwenye minara yenye kengele, achague mwenyewe makao ya jirani.