Injini Aliyoileta Msafi

Mjomba wangu, kaka yake mama, si mtu wa kuamini mambo. Ni fundi magari. Kwake yeye kila kelele ina chanzo, na kila chanzo kina spana yake. Kwa hiyo nikikuambia kwamba siku hizi haingii gereji yake mwenyewe mpaka asimame kwanza mlangoni asikilize, ujue sisemi jambo dogo. Mimi ni muuguzi, naishi naye ua mmoja, na sehemu ya mwisho niliiona kwa macho yangu haya.

Mjomba alikuwa na vani ya zamani aliyoachiwa na baba yake, gari la kubebea mikate, pua fupi, taa za mviringo kama macho ya mtu aliyeshtuka. Tuliiita Bikizee. Injini yake ilikuwa imepasuka, na ya aina ile haipatikani tena hata uitafute kwa tochi. Basi Bikizee akakaa miaka miwili kwenye kona ya gereji, kuku wanataga ndani.

Asubuhi moja, watu wako kwenye chai, akaja Msafi. Huyu alikuwa shemeji yake mjomba, mdogo wake mkaza mjomba, na biashara yake ilikuwa vipuri vya magari yaliyotumika. Walimpa jina hilo kwa sababu aliweza kushinda kutwa kwenye grisi na akaondoka na shati lake jeupe vilevile. Alileta injini ya dizeli iliyotoka kwenye pikapu, imefungwa turubai.

"Chukua, shemeji. Zawadi."

"Zawadi? Wewe?" Mjomba akacheka. "Wewe ambaye hata salamu unaipima kwenye mizani?"

"Umwendeshe dada yangu. Imetoka kwenye kontena hiyo, barabara za kwetu haizijui."

Kazi ilichukua wiki tatu. Viegemeo vya zamani vya kuikalia injini vilikatwa, vipya vikachomelewa. Shafti ilifupishwa. Mabomba ya maji yalipindwa upya. Na kwa kuwa Bikizee ni gari la kizamani, injini yake haikai mbele wala nyuma. Inakaa ndani, katikati ya dereva na abiria, chini ya kifuniko cha bati. Ukiendesha, kiwiko chako kinaigusa.

Alipokuwa anaiosha, mjomba alikuta kitu kimejizungusha kwenye puli ya feni. Kipande cha utepe wa kupimia nguo, ule wa mafundi cherehani, namba zake bado zinasomeka. Akashangaa kidogo, akautia kwenye kopo la skrubu, akaendelea na kazi.

Siku ya kuiwasha tulikusanyika wote. Injini ilikohoa mara mbili, ikanguruma. Tukapiga makofi. Nilipogeuka nimpongeze Msafi, hakuwepo. Kikombe chake kilikuwa chini, chai imemwagika.

Tangu siku hiyo hakuisogelea vani ile. Akipewa lifti, anasema anapenda kutembea. Msafi! Mtu ambaye angeweza kuwasha gari kwenda chooni.

Bikizee alikwenda vizuri siku nne. Siku ya tano, saa saba mchana, jua la utosi, akazima katikati ya mtaa mmoja wa nyumba za safu, mbele ya mlango wa kijani. Mjomba akatoa hewa kwenye mabomba ya mafuta. Wapi. Baada ya robo saa gari likawaka lenyewe bila kuguswa.

Wiki iliyofuata, palepale. Akabadilisha chujio.

Mara ya tatu hakuwa amepanga hata kupita mtaa ule. Aliniambia usukani ulikuwa mzito, kama mtu anapomshika mwenzake mkono na kumwongoza. Gari likazima mbele ya mlango wa kijani. Ufunguo ameuchomoa. Injini, chini ya kile kifuniko, ikaendelea kuhema.

Mlango ukafunguliwa. Akatoka mama mtu mzima, mikono ina povu la sabuni. Hakumwamkia mjomba. Alifungua mlango wa abiria, akaweka kiganja juu ya bati la moto, wala hakukiondoa.

"Umerudi," akasema.

"Mama, utaungua!"

"Hii ulipewa na nani, baba?"

Yule mama akaanza kueleza, taratibu, kama anayesoma barua. Binti yake wa pekee alikuwa fundi cherehani. Mwaka uliopita, saa saba mchana, alivuka pale kwenda kununua uzi, utepe wake shingoni. Pikapu ikamgonga. Dereva akasimama. Akaangalia kwenye kioo. Akamwona binti anajaribu kuinuka.

"Akarudi nyuma," mama akasema. "Akampanda tena. Halafu akaenda zake. Maiti hasemi kitu, baba. Majeruhi ana mdomo."

Mjomba akaukumbuka ule utepe kwenye kopo la skrubu.

"Watoto wa mtaani ndio walioyaona hayo. Mimi uso wake sikuuona, nilikuwa ndani. Lakini mlio niliusikia. Unakohoa mara mbili, halafu unanguruma. Nikakosa mtu wa kumwapiza. Basi nikauapiza mlio. Kila siku, saa ile ile, nakaa kizingitini nauita."

Mjomba alirudi nyumbani uso umemshuka. Alitoa utepe kwenye kopo la skrubu, akauweka mezani mbele ya mkewe, akamweleza yote. Mkaza mjomba akalia mpaka kilio kikamkauka.

"Ni ndugu yangu. Tumbo moja, ziwa moja. Usimpeleke polisi, nakuomba."

"Na yule binti? Hakuwa na tumbo alilotoka?"

Asubuhi mjomba akaenda kituoni. Wakamwambia aitoe injini ili namba yake isomwe, wao watakuja mchana. Aliifungua peke yake. Alimwaga mafuta yote, akakata nyaya, akainyanyua kwa mnyororo pamoja na gia boksi yake, ikabaki inaning'inia hewani. Betri akaibeba nyumbani. Bikizee alikuwa juu ya jeki, magurudumu yote manne yameegemezwa ukutani. Akafunga gereji kwa kufuli, akaenda kuwaleta askari.

Mkaza mjomba ndiye aliyempigia Msafi simu. Ndiye aliyempa ufunguo wa akiba. Alitaka tu mdogo wake asifungwe. Ile namba ikisagwa, kesi haipo. Nilimwona Msafi akipita uani kwetu na mashine ya kusagia chuma mkononi. Shati jeupe. Ilikuwa saa saba kasoro.

Jirani yetu mchomeleaji, ambaye banda lake linapakana na gereji, anasema kwanza alisikia mashine ya kusaga. Ikanyamaza.

Halafu injini ikakohoa. Mara mbili.

Ikanguruma.

Alidhani mjomba amerudi. Kisha akasikia gia ikiingia. Gari likaenda mbele. Kishindo. Likasimama.

Kimya kidogo.

Kisha gia ya kurudi nyuma.

Hapo ndipo Msafi alipopiga kelele. Nilizisikia mimi, niko jikoni. Nilikimbia. Mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani, na mchomeleaji alitumia mtaimbo kuubomoa. Wakati tunausukuma mlio ukakatika, ghafla, kama uzi.

Injini ilikuwa inaning'inia kwenye mnyororo wake, haitikisiki. Mabomba yake matupu. Bikizee juu ya jeki, bila magurudumu.

Msafi alikuwa chali sakafuni, macho wazi. Nimehudumia majeruhi wengi wa barabarani na najua gari likipita juu ya mtu linaacha nini. Juu ya shati jeupe kulikuwa na alama ya tairi, kutoka nyongani mpaka begani. Kando yake, sentimita chache, alama ya pili.

Ya kwenda na ya kurudi.

Askari walifika na mjomba dakika kumi baadaye. Waliisoma namba, ilikuwa haijaguswa. Ilikuwa ya pikapu ambayo Msafi mwenyewe aliripoti kuwa imeibiwa. Wakaibeba injini. Mkaza mjomba alikaa chini pale mlangoni, anauliza kila anayepita, "Mimi ndiye niliyemtuma?"

Baada ya maziko mjomba alikwenda kwenye mlango wa kijani. Alimkuta yule mama kizingitini, amekonda.

"Yamekwisha, mama," akamwambia. "Iambie iache."

"Nimeiambia, baba." Alikuwa ananong'ona. "Nilijua kuituma. Kuirudisha sikujua."

Injini mpaka leo iko uani kituoni, chini ya turubai. Bikizee aliuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Gereji ni tupu, mnyororo unaning'inia bila kitu. Lakini kila mchana sakafuni, chini ya ndoano yake, kunakuwa na tone la oili. Mjomba hulifuta. Kesho yake lipo.

Jana niliingia nikaligusa kwa kidole.

Lilikuwa la moto.