Mbele ya Kreni

"Furu, unanisikia? Usisimamishe kazi. Narudia, usisimamishe."

Sauti ikakatika, na Masatu akarudisha redio yake ya Motorola ndani ya koti. Furu ni samaki mdogo mwenye miba mingi. Aliyempa jina hilo, mkuu wake wa polisi kule Musoma, alikuwa anamjua vizuri.

Bastola yake, Walther, ilikuwa kiunoni. Kilichomtia hofu ni nyundo.

Tangu asubuhi, akiwa nyapara wa bandia, alikuwa akigonga sakafu ya ghala jipya la pamba, Bunda. Pembeni ilijibu kavu, zege la kweli. Katikati ilijibu kama debe tupu. Chini yake pembe za ndovu zilikuwa shimoni zikisubiri mnunuzi. Bernado, mkandarasi kutoka ng'ambo, alitaka kuta zisimame leo zifiche kila kitu. Yeye na mnunuzi wangefika saa kumi. Kreni ikisimamishwa kabla ya hapo atanusa mtego, na mpaka wa Sirari si mbali.

Saa tisa na nusu.

Kuta zilikuwa zimemwagwa zikiwa zimelala juu ya sakafu ileile. Kreni ingepanda hapo hapo, iinue ukuta wa tani kumi na mbili. Uzito wa dakika chache tu. Juu ya debe.

Mseti, dereva wa kreni, alikuwa na mwiko wake: haingizi gurudumu kwenye sakafu mpaka aliyeimwaga atangulie kwa miguu.

"Tangulia, Mjita," alisema. "Kama umekula saruji, tuzame wote. Bila nyapara mbele mimi siendagi."

Mafundi wakacheka. Masatu naye akacheka. Miezi minane walikuwa wakila sato sahani moja, na Mseti ndiye aliyemwachiaga kichwa.

Angeweza kukataa.

Akatembea. Alipita pembeni, palipojibu kavu, akihesabu hatua, huku Mseti akimtania kwamba anatembea kama bibi harusi. Kreni ikasimama, ikashusha miguu yake ya chuma. Mguu mmoja ukatua karibu zaidi na katikati kuliko alivyokadiria.

Masatu aliuona. Peugeot nyeupe ya Bernado ilikuwa inaingia getini.

Mkono wa kumsimamisha Mseti hakuuinua.

Ukuta ukainuka. Sakafu ikakatika kama biskuti. Kreni ikalala ubavu, na ukuta ukashukia kibanda cha dereva.

Vumbi lilipotulia, pembe zilikuwa nje, nyeupe, na Bernado alikuwa anatazamana na mdomo wa Walther. Land Rover mbili za polisi zikaziba geti. Pingu zikalia.

"Kazi safi, Furu," redio ikasema. "Hasara?"

"Mseti."

"Nani huyo?"

Masatu akaizima redio.

Wenzake wakamwita apande. Musoma walimngoja, na amri ilikuwa apotee Bunda kabla jua halijazama. Akawaambia watangulie. Gati, mke wa Mseti, alikuwa nyumbani Manyamanyama, hajui kitu. Mtu angemfikia na habari, na Masatu hakutaka awe mwingine. Wala hakutaka Gati asikie kwa majirani nani aliyetembea mbele ya kreni.

Akajikung'uta vumbi, akafunga kifungo cha koti, akashika njia ya Manyamanyama taratibu, mkono mfukoni, kama mtu anayekwenda kunywa chai.