Makosa Tisa

IJUMAA, SAA 9:10 ALASIRI

Chumba cha nyuma cha duka la fotokopi kilinuka wino na joto la mashine. Watu wanne, meza moja, mchoro mmoja. Aliyeuchora ni Profesa. Walimwita hivyo kwa kumtania, maana hata shule ya msingi ilimshinda, lakini hakuna aliyethubutu kucheka mbele yake.

"Mifuko inafika saa kumi na mbili asubuhi," alisema. "Inaingia stoo ya shule hapo ng'ambo. Saa tatu kamili watoto wanageuza karatasi. Hapo katikati ni petu."

Nyundo, fundi wa makufuli, alipewa lakiri ya mfuko: aifungue na airudishe kama haijaguswa. Mweka stoo, shemeji yake Profesa, alipewa mlango. Kisha macho yote yakamgeukia mwanamke aliyekaa karibu na ukuta.

Walimwita Mtunzi. Miaka kumi na mmoja alitunga maswali ya mtihani wa kuingia chuo kikuu, mpaka ofisi ikamtimua.

"Maswali themanini nitayamaliza kwa saa moja," alisema. "Ila sikilizeni. Jibu sahihi halimkamati mtu. Wote waliosoma watafanana. Kinachokamata ni makosa. Kila mtu hukosea kivyake. Mashine ya kusahihisha ikiona watu wamekosea maswali yale yale, kwa herufi zile zile, imewapata."

"Sasa?"

"Sasa kila mteja nampa makosa yake. Wateja kumi na wanne, karatasi kumi na nne tofauti."

Profesa akatabasamu. "Ndiyo maana nilikutafuta, dada. Na mmoja wao ni binti yangu. Usiniangushe."

Mtunzi akaitikia kwa kichwa.

Miaka mitatu nyuma alimpa Profesa huyu huyu mtihani. Alifanya kwa tamaa, na hajawahi kujidanganya kwamba lilikuwa jambo jingine. Aliweka sharti moja tu: usiuzwe kwenye ukumbi ambao mwanawe angefanyia mtihani. Profesa akauuza humo humo. Siku hizo mashine hiyo haikuwepo, kwa hiyo wizi ulipojulikana matokeo ya ukumbi mzima yakafutwa. Mwanawe hakuwa ameona hata swali moja. Alisoma miezi minane, saa ya kengele mezani, mitihani ya zamani imerundikana hadi dirishani. Siku ya tisa baada ya tangazo, akajiua. Profesa alikuja msibani, akakaa viti vya mbele, akala akashiba.

Tangu hapo Mtunzi humsikia mwanawe. Si ndotoni. Ni sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayesoma chumba cha pili: Mama, nihesabie. Dakika moja, swali moja.

Angeweza kuwaita polisi. Lakini mfuko ukijulikana umeguswa kabla mashine haijawabaini wezi, watoto mia tatu wa ukumbi ule wangefutwa, wasio na hatia pamoja na wenye hatia. Hilo hakulitaka tena maishani. Aliwataka kumi na wanne tu. Kusema kweli, alimtaka mmoja: yule binti. Alitaka Profesa aonje.

JUMAMOSI, SAA 12:25 ASUBUHI

Nyundo alipiga magoti mbele ya mfuko, waya mwembamba vidoleni. Mweka stoo alikuwa anatokwa jasho.

"Shemeji alisema dakika tano."

"Ukinisemesha mkono unateleza."

Lakiri ikalegea. Mtunzi akatoa kijitabu kimoja, akapiga picha kurasa ishirini na nne moja baada ya nyingine. Karatasi ilikuwa ile ile ya miaka yake ya ofisini, nyembamba na laini. Nje mlinzi alikohoa. Mweka stoo akafumba macho.

"Anazunguka nyuma," alinong'ona. "Fungeni. Fungeni jamani."

Kijitabu kikarudi. Nyundo akabana lakiri mpaka ikalia kidogo. Akaipitishia kidole, akaridhika. Hata aliyeifunga mwanzo asingejua.

SAA 1:00 ASUBUHI

Dukani, Mtunzi alifanya kazi kama alivyomfundisha mwanawe. Mzunguko wa kwanza, mepesi tu. Yanayong'ata, weka alama pembeni, songa. Mzunguko wa pili, rudi nayo. Sauti ilikuwa naye muda wote, upande wa kushoto, ikihesabu.

Saa mbili kasoro dakika chache alimaliza. Akachagua maswali tisa. Kwa kila moja akachagua jibu ambalo ni vigumu mtu kulifikia kwa bahati mbaya. Kisha akanakili, karatasi ya kwanza mpaka ya kumi na nne, makosa tisa yale yale.

Nyundo alikuwa amesimama nyuma yake.

"Mama. Hizi zinafanana."

Penseli ikasimama. Nyundo alizitazama karatasi, akamtazama yeye. Mwaka jana Profesa alimwacha mdogo wake Nyundo mikononi mwa polisi, akaenda zake kulala.

"Kazi yangu mimi ilikuwa lakiri," alisema, akatoka kwenda kuvuta sigara.

SAA 2:30 ASUBUHI

Wateja waliingia mmoja mmoja, kama wanaonunua penseli. Walichukua karatasi, wakakariri ubavuni mwa mashine, wakavuka barabara. Kumi na watatu. Nao walikuwa na mama zao nyumbani. Mtunzi alilijua hilo, na akaendelea kugawa karatasi.

Wa mwisho aliletwa na Profesa mwenyewe, amemshika bega. Binti mrefu, kucha zimetafunwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akapokea karatasi, ila hakuikunjua. "Samahani. Wewe ni mwalimu, si ndiyo? Swali likinishinda kabisa, niliache wazi au nikisie?"

"Usiache hata moja wazi," alisema Mtunzi. Maneno yalitoka yenyewe. "Kukosea hakupunguzi kitu. Liruke, weka alama, maliza mengine, halafu urudi."

"Ndivyo nilivyojizoeza. Nimefanya kumi na saba ya zamani, kwa saa kabisa." Akashusha sauti. "Hii siihitaji. Ni baba tu haniamini."

Chumba cha pili kikanyamaza. Kwa miaka mitatu hakikuwahi kunyamaza. Mtunzi alisubiri hesabu iendelee, na haikuendelea. Kulikuwa na mtu pale anayesikiliza.

Akainyakua karatasi mkononi mwa binti.

"Mpe," alisema Profesa.

"Akiitumia anafutwa. Zote ni moja. Makosa tisa, yale yale, kwa wote kumi na wanne."

Saa ya ukutani ilionyesha 2:46. Geti hufungwa 2:50, na ndani haingii simu wala mzazi. Profesa alitazama ng'ambo ya barabara.

"Kumi na watatu wameshaingia," alisema taratibu. "Watanitaja."

"Watakutaja."

"Kwa nini, dada?"

"Unajua."

Alijua. Ilichukua muda, lakini Mtunzi aliona uso ukikumbuka, na akagundua kwamba hilo halimfurahishi hata kidogo.

"Baba, kuna nini?" aliuliza binti.

Profesa alimwachia bega. "Hakuna kitu. Nenda, mwanangu. Kaandike ya kwako."

Akakimbia, begi likimpiga mgongoni. Geti lilimmeza zikiwa zimebaki dakika mbili.

SAA 3:00 ASUBUHI

Nyundo aliendesha gari. Profesa alikaa nyuma na Mtunzi, mkono wa kulia ndani ya koti, na hakuna aliyehitaji kuambiwa ulishika nini. Walishapita nyumba za mwisho. Nyundo alimtazama Mtunzi mara moja kwenye kioo, kisha akarudisha macho barabarani. Yeye pia alikuwa amechagua kunyamaza, na sasa hakuwa na la kumsaidia. Mtunzi alitega sikio. Bado kimya. Hakujua kama amesamehewa au ameachwa peke yake, na aliogopa sana.

Saa ya mkononi ya Profesa ikalia.

"Wamegeuza karatasi," alisema. Ilikuwa sauti ya mzazi yeyote nje ya ukumbi wowote. "Hilo swali la kwanza. Gumu?"

"Rahisi," alisema Mtunzi. "Huwa tunaliweka rahisi makusudi, ili mkono wa mtoto uache kutetemeka."

Profesa akaitikia kwa kichwa. Gari likaacha lami, likashika njia ya porini.